Nililipa Kulala Katika Nyumba ya Babu

Mpenzi msomaji, je, umewahi kulipia kitanda katika nyumba aliyozaliwa mama yako? Mimi nimelipia. Nililipia siku tatu pamoja na chai ya asubuhi, nikapewa risiti, na ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha kifuu cha nazi.

Mambo yalianzia ofisini. Mwenzangu alikuwa amerudi kutoka pwani, na kama ilivyo kawaida ya watu waliotoka likizo, hatukupumua mpaka tumalize kuona picha zote zilizomo kwenye simu yake. Pweza, machweo, watoto mchangani, pweza tena. Kisha ikaja picha ya daka. Kwa msomaji wa bara, daka ni ule ukumbi mdogo ulio mlangoni mwa nyumba ya Kiswahili, wenye baraza za mawe kushoto na kulia, ambapo mgeni huketi kabla ya kukaribishwa ndani. Daka hilo nimelijua tangu utotoni kwa sababu sebuleni kwa mama pana picha yake: babu ameketi upande wa kushoto, bakora magotini, akimtazama mpiga picha kana kwamba anamdai.

"Hapa ni wapi?" nikauliza.

"Malindi, mji wa kale. Ni nyumba ya wageni siku hizi. Vyumba vinne tu, lakini utapenda."

Nilijua kwamba nyumba ya babu iliuzwa mwaka 2009. Nisilolijua ni kwamba ndani yake mna vitanda vya kukodisha.

Mume wangu nilipomweleza alishtuka. "Gesti? Tuwapeleke watoto gesti?" Msomaji unaelewa. Masikioni mwa Wakenya wengi neno hilo ni chumba kilicho nyuma ya baa, shuka moja na kipande cha sabuni. Alitulia alipoona bei. Aprili ni mwanzo wa masika, na hoteli nyingi za Malindi wakati huo hupunguza bei au hufunga kabisa. Basi likizo ya Aprili 2025 ikawa yetu.

Mama nilimwambia tunakwenda Malindi. Sikumwambia tutalala wapi. Tangu nyumba iuzwe hajawahi kuukanyaga mtaa ule, na ndugu yake mkubwa huzungumza naye kwenye harusi na matanga tu, salamu mbili tatu kisha kila mtu upande wake. Kwetu sisi watoto maneno yake yalikuwa yale yale miaka yote: "Wajomba zako waliuza nyumba ya baba yangu." Akishasema hivyo hunyamaza, nawe hujui uulize nini.

Tulishuka garimoshi Miritini, tukapanda matatu ya Malindi, mwendo wa kilomita 120 hivi. Pale Kilifi watoto walikazana dirishani kuitazama hori kutoka juu ya daraja. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo watu walivuka kwa feri, na mama alikuwa akitusimulia jinsi alivyokuwa akinunua korosho na kuzimaliza zote kabla ya kufika ng'ambo.

Nyumba ilikuwa ndogo kuliko nilivyoikumbuka. Nadhani nyumba zote za utotoni ziko hivyo. Daka lilikuwa mahali pake, limepakwa chokaa mpya. Mwenye nyumba wa sasa, mwanamke wa Kiitaliano, hakuwepo siku hizo, lakini lazima nimpe haki yake: hakuiharibu. Kuta za mawe ya matumbawe alizirudishia chokaa, si saruji. Mafundi wa kale watakwambia saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta wa namna hiyo mpaka uanze kumung'unyika. Boriti za mikoko zilizoliwa na mchwa alizibadilisha kwa boriti za mikoko.

"Mama, mbona chumba kiko kama korido?" akauliza kifungua mimba wangu.

Jibu liko darini. Boriti ya mkoko haitoi urefu mkubwa unaofaa kubeba dari ya mawe. Ni kama mita tatu hivi. Kwa hiyo mjenzi wa zamani aliweza kurefusha chumba apendavyo, lakini upana aliambiwa na mti. Mtoto alitazama juu akazihesabu boriti zote, kisha akauliza kama kuna televisheni. Haikuwepo.

Vyumba vimepewa majina ya samaki. Kuna Tewa, kuna Kolekole, kuna Changu, na chetu kilikuwa Nguru, chenye kitanda cha samadari kirefu hata mtoto mdogo akahitaji kigoda kukipanda. Usiku wa kwanza mvua ilinyesha, na ukumbi wa juu una paa la makuti. Wewe unayeishi chini ya mabati, msomaji, mvua unaijua kwa kelele. Juu ya makuti haina kelele. Unasikia tu kwamba nje pana kitu kikubwa kinapita. Mume wangu alilala kama gogo. Mimi nilikaa macho nikijiuliza katika vyumba vinne hivi ni kipi alichozaliwa mama, na ni nani ningemwuliza bila kusema mimi ni nani. Msimamizi wa nyumba, Mgiriama wa makamo kutoka Marafa, mpole kupita kiasi, alikuwa ameniandika daftarini kama mgeni kutoka Nairobi. Nami nilikuwa nimetia sahihi.

Asubuhi tulikula mahamri na mbaazi za nazi, kisha tukatoka kutembea. Malindi ni mji uliozoea wageni, na mwenyeji wake hashangai. Mwaka 1415 mji huu ulimpelekea mfalme wa China twiga. Mwaka 1498 Vasco da Gama, baada ya kukosana na Mombasa, alipokelewa vizuri hapa na kupewa nahodha wa kumwongoza hadi Calicut, Bara Hindi. Nguzo yake ingali ufuoni, na msalaba ulio juu yake ni wa jiwe lililotoka Ureno. Halafu wakaja Waitaliano, waliokuwa wakirusha roketi baharini pale Ngomeni kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Leo kijana anayekuuzia madafu atakusalimu "ciao" kabla hajakuuliza hujambo. Watoto wangu walifurahi mno kujibiwa Kiitaliano na mtu aliyevaa kikoi. Mimi nilisimama zaidi kwenye makaburi mawili ya mnara kando ya msikiti, maana mama alisema walikuwa wakikatazwa kucheza karibu nayo, na wakicheza.

Siku ya pili tulikwenda Gedi, yapata kilomita 15 kusini. Mji ule wa mawe ulio msituni ulihamwa katika karne ya 17, na kwa nini hasa, wataalamu wangali wanabishana. Ulitangazwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1927, James Kirkman akaanza kuufukua mwaka 1948, na Julai 2024 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Nilikuwa nimesoma hayo. Lililonishika ni majina ya nyumba. Wenyewe hawajulikani, kwa hiyo waliofukua waliziita nyumba kwa vitu walivyoviokota ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri. Mtu ameishi, ameoa, amezaa, amegombana na majirani, na kilichobaki cha kumwitia ni mkasi.

"Hawa watu waliuza nyumba zao?" mtoto akauliza.

Nikamwambia anywe maji.

Jioni hiyo ulimi wangu uliniponza. Nilikuwa nimekaa uani na msimamizi akimwagilia maji miti ya asumini iliyopandwa ndani ya mitungi, nami, bila kufikiri, nikauliza, "Na kisima mlikifukia?"

Akaweka ndoo chini. "Mama, nani alikwambia hapa pana kisima?"

Kisima kilikuwa chini ya mitungi ile, kimefunikwa kwa bamba la zege tangu nyumba ilipotengenezwa. Hakionekani wala hakijaandikwa popote. Mgeni wa Nairobi hana njia ya kukijua. Nikajaribu kusema nyumba zote za kale huwa na visima, na hilo si uongo sana, lakini uso wangu ulikuwa umeshasema. Yule bwana alinitazama kwa muda, kisha akasema polepole, "Kuna mzee huja hapa kila alasiri kunywa kahawa darini. Leo mlikuwa Gedi. Kesho usitoke."

Mimi nilicheka kwa sauti kwa sababu nilimsikia vibaya, nikadhani amesema darini, juu ya dari. Alimaanisha darini kwetu sisi wa bara ni jambo jingine. Yeye alisema dakani. Mzee huyo huja kukaa dakani, na mwenye nyumba amewaruhusu wazee wa mtaa waendelee kuzitumia baraza kama zamani.

Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Mjomba mkubwa alifika siku ya tatu baada ya sala ya alasiri, akakaa upande wa kushoto, akatoa kikombe chake mwenyewe mfukoni kwa ajili ya muuza kahawa. Nilitoka mlangoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akanikazia macho. "Na wewe umetokea ndani?"

"Ndiyo. Tumelala humu."

"Umelipa?"

"Nimelipa."

Alicheka mpaka akakohoa. "Na mimi nakaa bure," akasema, akanisogezea nafasi.

Tulizungumza juu ya watoto, juu ya mvua, juu ya bei ya samaki. Kisha akauliza, "Mama yako anajua uko hapa?" Nikatikisa kichwa. "Na bado anasema sisi ndio tuliouza?"

Sikujibu. Alinywa kahawa yake yote kwanza.

"Tulikuwa warithi saba," akasema. "Dari lilikuwa linavuja, boriti zimeoza, na kila Idi tulikaa hapa tukasema mwaka huu tutengeneze. Hapana aliyetoa pesa. Na hapana aliyethubutu kusema tuuze. Mwaka ule mama yako alikuja peke yake, baba yako hajamaliza hata mwaka kaburini. Akaketi hapo ulipoketi, akasema, uzeni. Sote tulinyamaza, maana yeye ndiye aliyempenda marehemu kuliko sisi. Akasema, nina mtoto amepata nafasi chuoni na karo sina."

"Mtoto gani, mjomba?" nikauliza, ingawa nilikwisha jua. Kwetu tuko wawili, na kaka yangu wakati huo alikuwa tayari ameajiriwa.

Miaka miwili nilisomea uandishi wa habari, msomaji. Stashahada yangu imetundikwa ukutani. Karo mama aliniambia aliipata kwenye chama cha akina mama, zamu yake ilikuwa imefika. Nilimwamini, na hata niliwahi kumtania kwamba chama hicho kina pesa kuliko benki.

"Sasa mbona anawalaumu ninyi?"

"Mwache. Sisi hatujawahi kumkanusha, na wewe usimkanushe."

Muuza kahawa alipita tena, mjomba akaninunulia na mimi, pamoja na kipande cha halua. Kabla hajaondoka nilimwuliza mama alizaliwa chumba gani. Akanyoosha bakora kuelekea mlango wa Nguru.

Asubuhi ya kuondoka msimamizi na mume wangu walisogeza mitungi ya asumini na kuinua lile bamba. Maji yalikuwa mbali na meusi. Niliteremsha ndoo, nikajaza chupa moja ya soda. "Si ya kunywa, mama," msimamizi akanionya. Nikamwambia najua.

Mama anaishi Mombasa, nasi tulikuwa na saa nne kabla ya garimoshi, kwa hiyo tulipitia kwake. Niliiweka chupa mezani bila kusema neno. Aliitazama, akaifungua, akamimina kidogo kiganjani, akagusa kwa ncha ya ulimi.

"Bado yana chumvi," akasema.

Baadaye, akipakua wali, aliuliza tulilala chumba gani. Nikamwambia kinaitwa Nguru. "Nguru!" Alisonya. Akauliza ni pesa ngapi kwa usiku, nikamtajia, akasema ni ghali. Habari ya karo sikuigusa.

Lakini makala haya yangechapishwa, na jirani yake hununua gazeti kila Jumapili. Kwa hiyo nilimpelekea kwanza, yote, pamoja na maneno ya mjomba, nikamwambia akikataa nitayatupa. Alikaa nayo siku nne. Siku ya tano alipiga simu.

"Umekosea mahali pamoja," akasema. "Ile pichani si bakora. Ni mwavuli. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha."