Maji si adui wa kila mbao

Seremala yeyote wa Embu atakuambia kwamba msimu wa mvua ndio mtihani wa kazi yake. Mvua za masika zikianza mwezi wa Machi, milango nayo huanza kugoma. Mlango uliofungika vizuri Februari, ukifika Aprili hausukumiki. Watu husema fundi alikosea vipimo. La hasha! Mbao hunywa maji, na zikinywa huvimba. Huvimba kwa upana na unene, lakini urefu wake hauongezeki kwa kiasi cha kuonekana. Zikikauka hunywea, na zile zilizopigiliwa zikiwa mbichi hupinda.

Kuvimba ni usumbufu tu. Hatari ni kuoza. Mbao huozeshwa na kuvu, na kuvu huhitaji maji na hewa kwa pamoja. Mbao zenye unyevu wa chini ya asilimia 20 kwa kawaida haziozi. Kadhalika, gogo lililozama kabisa majini hudumu miaka mingi, kwa sababu hewa ni haba huko. Panapooza upesi ni pale nguzo inapoingia ardhini, kwani unyevu haumaliziki na hewa ipo.

Kijijini kwetu, upande wa Runyenjes, watoto huvuka kijito kwa daraja la magogo ya mkaratusi. Wakati mmoja wazee waliamua liachwe lilivyo, maana katikati lilikuwa gumu kama chuma. Mama yangu, ambaye huwasindikiza wajukuu shuleni, hakuridhika. Alifukua udongo kwenye ncha za magogo, akachoma kwa panga. Panga ikazama kana kwamba amechoma ndizi mbivu. Daraja likafungwa siku iyo hiyo. Watoto walizunguka njia ndefu kwa majuma matatu, wakinung'unika, hadi magogo mapya yalipolazwa juu ya mawe, mbali na udongo.

Jambo jingine ni aina ya mti. Mukima, ambao umejaa katika mashamba yetu ya kahawa na chai, hufaa kwa fanicha na kazi za ndani, lakini ukisimikwa ardhini bila dawa hauchukui muda. Mkaratusi nao ni vivyo hivyo. Ndiyo maana nguzo zake za stima hutiwa dawa kabla ya kusimikwa. Mwerezi hustahimili unyevu kwa miaka mingi. Kule Mbeere kwenye ukame, wenyeji husifu mukau, ambao hata mchwa huusumbukia bure.

Hata hivyo, usidanganywe na jina la mti. Kinachodumu ni kiini, ile sehemu ya ndani yenye rangi iliyokoza. Weupe wa nje huoza hata katika mti bora. Ukienda kununua nguzo, tazama kwanza ncha iliyokatwa uone kiini ni kikubwa kiasi gani.

Basi kabla ya mvua za vuli kuanza mwezi wa Oktoba, chukua msumari mrefu uzunguke nyumba yako. Choma miguu ya nguzo, kizingiti cha mlango na ncha za boriti zinazogusa ukuta wenye unyevu. Usitazame tu rangi, kwani rangi hufunika mengi. Msumari ukiingia bila kusukumwa kwa nguvu, mwite fundi sasa, wakati jua lingali linawaka.