Neno la Mhakiki na Neno la Mtazamaji

Katika mazungumzo ya walimu wa fasihi huzuka mara kwa mara suala moja ambalo bado halijapata jibu la kuridhisha. Mchezo wa kuigiza ukisha kuchezwa, na watu wakisha kutawanyika, neno la nani lichukuliwe kuwa hukumu ya mchezo huo? Je, ni la mhakiki aliyesomea sanaa za maonyesho, ambaye kazi yake ni kupima michezo, au ni la mtazamaji wa kawaida aliyelipa kiingilio chake, akatazama, kisha akaeleza aliyoyaona? Wapo wanaodai kwamba maneno ya wawili hao yapewe uzito sawa. Wapo pia wanaodai kwamba kumsikiliza asiyesomea kazi hiyo ni kuishushia fasihi hadhi yake. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimetumia mizani isiyofaa.

Kwetu sisi tunaosomesha Kiswahili hapa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, suala hili si la anasa. Kila siku watu huvuka mpaka kwenda Goma na kurudi, na bei ya nyanya na vitambaa hupatanwa kwa Kiswahili. Mwaka 2017 lugha hii ilifanywa kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Lakini tamthilia za Kiswahili tunazozisoma, pamoja na miongozo inayozieleza, nyingi hutoka Dar es Salaam na Nairobi. Basi mwanafunzi wetu huupokea mchezo pamoja na hukumu yake, kama mtu aliyeletewa chakula kilichokwisha kutafunwa. Tumewaona wanafunzi wanaoweza kutaja dhamira tano za tamthilia bila kusita, lakini ukiwauliza ni mahali gani walipocheka, au ni mhusika gani aliyewaudhi, hunyamaza. Hofu yetu ni kwamba tunawalea watu wasiothubutu kuyaamini macho yao wenyewe.

Hapana shaka kwamba mtu asiyesomea uhakiki aweza kuujua mchezo kwa undani. Ushahidi mkubwa ulitokea Kamiriithu, karibu na Limuru, nchini Kenya, mwaka 1977. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika kwa Kikuyu mchezo uitwao Ngaahika Ndeenda, wakaukabidhi kwa wakulima na wafanyakazi wa kijiji hicho. Mazoezi yalifanywa hadharani, na kila aliyepita aliweza kusimama, akatazama na kusema. Wanakijiji walisahihisha lugha ya wasomi hao, maana walijua mzee husemaje na kijana husemaje. Waliokuwa wakifanya kazi viwandani na mashambani walieleza hali halisi ya kazi hizo na mishahara yake. Onyesho la kwanza la kulipia lilifanyika tarehe 2 Oktoba, na tarehe 16 Novemba serikali ikafuta kibali cha mchezo huo. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini, akakaa humo karibu mwaka mzima. Kwa hakika, adhabu ya kaburi aijua maiti; hakuna chuo ambacho kingewapa watunzi hao maarifa waliyopewa na wanakijiji.

Njia ya namna hiyo ilifuatwa pia na walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huko Malya, mkoani Mwanza, mnamo 1982 na 1983, ambako wanakijiji walishirikishwa kuyajadili matatizo yao na kuyaonyesha kwa sanaa.

Pamoja na hayo, haifai tuharakishe kumfukuza mhakiki. Tuutazame mchezo wa Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, uliochapishwa mwaka 1969. Mtu atakayeutazama akitafuta habari kamili za Vita vya Maji Maji, na za Kinjeketile Ngwale aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905, aweza kutoka akilalamika kwamba mtunzi amepotosha historia. Malalamiko yake yatakuwa ya kweli kwa upande wa moyo wake, lakini hayataugusa mchezo wenyewe. Mwandishi ameonya katika utangulizi kwamba Kinjeketile wa jukwaani asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Ni kazi ya mhakiki kulionyesha jambo hilo, kuulinganisha mchezo huo na mingine, na kueleza jinsi mtunzi anavyochunguza imani iwezayo kuwaunganisha watu na papo hapo ikawaponza. Ulinganisho wa namna hiyo huhitaji miaka ya kusoma na kutazama, wala haupatikani kwa jioni moja.

Basi uzito wa neno unatoka wapi? Tutoe mfano mdogo wa hapa kwetu. Wanafunzi walipocheza mchezo wao mfupi juu ya maisha ya sokoni, mama mmoja mchuuzi alisema hivi: "Huyu anayeuza nyanya anasema kama mtangazaji wa redio. Kwa Kiswahili hicho mteja angempita." Mzazi mwingine alisema mchezo ulikuwa mzuri sana kwa sababu mwanawe alikuwamo. Wote wawili walikuwa watazamaji wa kawaida, lakini maneno yao hayakuwa na uzito mmoja. Yule mama alitaja alichokisikia akatoa na sababu. Yule mzazi alitoa mapenzi yake tu. Vivyo hivyo miongoni mwa wahakiki: yupo anayethibitisha asemalo kwa maneno na vitendo vya mchezo, na yupo anayemsifu rafiki yake kwa istilahi nzito.

Kwa hiyo hatusemi kwamba maoni yote ni sawa; la hasha. Tusemalo ni kwamba wote wana haki sawa ya kusikilizwa, na kila mmoja apimwe kwa ushahidi wake katika jambo alijualo. Cheti peke yake si ushahidi. Wingi wa makofi nao si ushahidi, maana umati waweza kushangilia mzaha mbovu na kuchoshwa na mchezo bora.

Sisi walimu tunaweza kuanza na jambo moja lililo katika uwezo wetu. Mwanafunzi auone mchezo, au ausome kwa sauti pamoja na wenzake, kabla hajaufungua mwongozo. Aandike aliyoyaona, aliyoyasikia, na sababu ya kupendezwa au kuchukizwa. Baada ya hapo ndipo tumletee mhakiki, naye aruhusiwe kumbishia, mradi aonyeshe ukurasa na tendo. Akibisha kwa hoja, apate alama zake hata kama mwongozo unasema vingine. Twajua kwamba mitihani hutubana, na kwamba kusahihisha majibu ya namna hiyo huchukua muda mrefu. Hata hivyo, tusipofanya hivyo, tutapata watahiniwa wengi na watazamaji wachache, na bila watazamaji hata huyo mhakiki hatakuwa na wa kuzungumza naye. Tungefurahi kusoma katika kurasa hizi wenzetu wa shule nyingine wanalionaje jambo hili.