Kabla Hujavuta Nyumba Barabarani, Jiulize Maji Yako Wapi

Wadau, kwanza tuelewane. Mimi natoka Modogashe, si Madogo. Madogo iko ng'ambo ya Mto Tana, ukishavuka daraja la Garissa. Modogashe iko huku kaskazini, njia ya Wajir, pale ambapo kaunti za Garissa, Isiolo na Wajir zinakaribiana. Kila nikiposti video kuna mtu ataniambia alipita kwetu akienda Nairobi. Ndugu yangu, hukupita kwetu.

Sasa, tangu nionyeshe ile trela yangu yenye godoro ndani, swali ni lile lile: "Nikitaka kuanza, ninunue nini?" Nitajibu. Lakini jibu langu halitawafurahisha wale wanaopenda kununua vitu. Mimi naona safari ya kwanza na nyumba ya kuvuta haiharibiwi sana na kitu ambacho hukununua. Inaharibiwa na vile ulivyopakia vitu ulivyonavyo.

Hili nililijua kwa aibu, tena mbele ya nyanya yangu.

Mnajua niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Stori yote siirudii. Kwa kifupi, mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, na katikati ya ukame huo mama aliuza ngamia wawili kwa bei ya kutupa ili nilipiwe karo. Mwaka wa 2023 nikarudi nyumbani bila cheti. Mama hakunigombeza. Hakusema kitu kabisa, na afadhali angenigombeza.

Nikaanza kurekodi harusi na kuweka video za huku kwetu. Pesa ya harusi ilipofika shilingi 65,000 nilinunua trela kuukuu ya ekseli moja kule Garissa. Fundi wa kuchomelea akanitengenezea fremu, mabati juu, rafu mbili na mlango wa nyuma. Gari la kuivuta sikuwa nalo. Abti, yaani mjomba wangu, akakubali kuniazima pikapu yake, Land Cruiser ambayo ndiyo mkate wa watoto wake. Nilimsikia mama akimwambia, "Ukimpa, usije kulia kwangu." Sasa mnaona safari hiyo ilikuwa na uzito gani. Nikiharibu gari la abti, jina langu hapa litabaki lile lile: yule aliyeacha chuo, na akaharibu gari la watu juu yake.

Kwa hiyo nilijitayarisha. Nilitazama video za Wamarekani usiku kucha. Wale wamekuwa na nyumba za kuvuta kwa muda mrefu, Airstream peke yake ilianzishwa miaka ya 1930. Orodha zao ni ndefu: maikrowevu, kiyoyozi, kifaa cha kupimia kama nyumba imelala sawa, bomba la kuunganisha maji taka ukifika kambini. Kambi gani, jamani? Huku ukifika umefika, ni wewe na miti ya migunga. Lakini nilinunua nilichoweza: paneli ya sola, betri, taa za rangi za kupendeza kwenye video, meza ya kukunja, viti vinne. Tulikuwa watu watatu. Kiti cha nne sijui kilikuwa cha nani.

Mpango ulikuwa kushuka kwa lami hadi Garissa, kulala njiani usiku mmoja, kisha kupiga picha twiga wa Bour-Algi. Tulikuwa mimi na binamu yangu, na ayeeyo, nyanya yetu, aliyetaka kumwona dada yake mjini. Ayeeyo alikaa mbele kwenye gari, si ndani ya trela. Hilo angalau nilikuwa nalijua: trela ikitembea, mtu hakai ndani.

Maji niliweka nyuma kabisa karibu na mlango, mitungi minane ya lita 20, ili iwe rahisi kuitoa. Ilionekana ni akili.

Tukaondoka. Lami ni nzuri, barabara imenyooka, nikafika 80. Hapo trela ikaanza kutikisa mkia. Kwanza kidogo, kama mtu anayekuvuta shati. Halafu kushoto, kulia, kushoto, na usukani mkononi mwangu ukawa mwepesi kama hauna gari chini yake. Binamu akapiga kelele nikanyage breki. Namshukuru Mungu sikukanyaga kwa nguvu. Niliondoa mguu kwenye mafuta, nikashika usukani umenyooka, tukapungua pole pole hadi tukasimama pembeni. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka.

Ayeeyo akashuka, akaizunguka trela mara moja bila haraka. Kisha akaniuliza, "Ayeeyo, maji umeyaweka wapi?" Kwetu nyanya humwita mjukuu kwa jina lile lile ambalo mjukuu anamwita yeye. Nikamwonyesha. Akacheka, si kwa ubaya.

"Hata ngamia angekutupia mzigo huo," akasema.

Sikilizeni sasa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mitungi minane ya lita 20 ni kilo 160, na zote nilikuwa nimeziweka nyuma ya ekseli. Nyuma ikilemewa, mbele ya trela inanyanyuka, na inanyanyua na matako ya gari linalovuta. Magurudumu ya nyuma ya gari yanakosa mkandamizo, na trela inaanza kukuendesha wewe. Mafundi wanasema asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela inafaa ilalie pale kwenye chuma cha kuvutia. Trela ikiwa na kilo 700 pamoja na mzigo, hiyo ni kilo 70 hadi 105. Ayeeyo hajui asilimia, lakini jambo lenyewe alilijua kabla mama yangu hajazaliwa.

Kwa sababu yeye amehamisha nyumba maisha yake yote. Aqal, ile nyumba yetu ya fito zilizopindwa na mikeka, ni ya mwanamke. Mwanamke ndiye anayesuka mikeka, anaisimamisha, anaibomoa, na ndiye anayeipakia juu ya awr, ngamia wa mizigo. Mikeka hutangulia mgongoni ili mzigo usimchune ngamia. Fito hufungwa huku na huku. Vyombo vya maji vinaning'inia pande zote mbili kwa uzito sawa, na ukinywa maji ya upande mmoja, unasawazisha tena. Halafu ayeeyo akanipa sheria ambayo sijaiona kwenye video yoyote: kitu utakachokihitaji jioni kinapanda mwisho, ili kishuke kwanza.

Waingereza nyumba ya kuvuta wanaiita "caravan". Neno hilo asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni msafara wa jangwani, wa ngamia na watu. Yaani jina la kile nilichokuwa najifunza kwa wageni usiku kucha lilitoka kwa watu kama ayeeyo, na ayeeyo alikuwa analala chumba cha pili.

Tulishusha kila kitu pale barabarani na kupakia upya. Maji yakaenda mbele kidogo ya ekseli, yamegawanywa kushoto na kulia, yamefungwa kwa kamba. Betri katikati, chini. Godoro na viti nyuma. Tulipoondoka tena trela ilitulia kama mtoto aliyeshiba, na hata hivyo sikupita 60 hadi Garissa.

Haikuishia hapo. Kabla ya Nuno, tairi ya trela ikapasuka. Nikatoa spea ya pikapu kwa fahari, kumbe matundu ya nati hayalingani na ya trela. Hata spana ya magurudumu haikushika. Spea ya trela sikuwa nayo. Pesa yake ilikuwa imeenda kwa zile taa za rangi. Tulikaa saa tatu juani hadi lori la mbuzi liliposimama, na utingo wao akaziba mpira kwa kiraka. Wao walikunywa maji yetu, sisi tukatumia spana yao. Ayeeyo akawapikia chai.

Basi, orodha yangu ni hii, kwa anayeanza huku kwetu.

Kitambulisho, karatasi za gari na za trela, na bima inayoitaja trela. Trela ina nambari yake ya usajili, ile inayoanza na Z. Kwenye vizuizi vya polisi vya njia hii hakuna anayetaka kuona paneli yako ya sola.

Spea ya trela yenyewe, spana inayoshika nati zake, jeki inayofika chini yake, pampu, viraka. Jaribu kuitoa tairi na kuirudisha ukiwa nyumbani. Pakia grisi beringi kabla ya kuondoka, na ukisimama gusa kitovu cha gurudumu. Kikiwa moto kupita kiasi, usiendelee.

Pembetatu mbili za kuakisi mwanga, taa za nyuma zinazowaka, na mnyororo wa usalama kati ya gari na trela, endapo chuma cha kuvutia kitaachia.

Maji kwanza, chakula baadaye, mapambo ukibakiwa na nafasi. Mimi nahesabu lita tano kwa mtu kwa siku za kunywa na kupika tu, na akiba ya siku mbili zaidi.

Usilale ndani ya laga hata kama mchanga wake ni laini na mvua huioni. Mvua inanyesha mbali, maji yanakuja kwako. Mliona mafuriko ya Novemba 2023. Usitembee usiku, na kabla ya kuondoka uliza hali ya njia kwa polisi na kwa wazee. Mwambie mtu mmoja utafika wapi na saa ngapi.

La mwisho halinunuliwi. Kabla ya kufungua simu, tafuta mtu wa kwenu aliyewahi kuhamisha nyumba, umwombe atazame mzigo wako.

Pikapu ya abti ilirudi nzima. Mama alitoka nje, akaizunguka trela kama ayeeyo alivyoizunguka, akavuta kamba za maji kuona kama zimekaza. Akafungua fundo moja, akalifunga upya kwa namna yake. Hakusema kitu. Lakini safari hii nilikaa karibu naye, nikatazama mikono yake, na lile fundo sasa nalijua.