Mlango wa Chumba Kipya

Sisi Wapemba nyumba hatuimalizi, tunaiongeza. Kijana akioa, au binti akifiwa na mume akarudi kwao, kamba hupimwa ubavuni na msingi ukachimbwa. Karafuu za msimu ujao huwa zishaliwa na saruji na mabati kabla hazijachumwa.

Nyumba yetu ya Wete ilibakiwa na upande mmoja tu, nao una mkarafuu. Kuukata bila ya kibali ni kosa la sheria. Na hata kibali kingepatikana, mti unaoanza kuzaa baada ya miaka kama 7, ukaishi kuliko aliyeupanda, haukatwi kwa ajili ya futi 2. Fundi akakipunguza chumba, yakaisha.

Kilichotuweka ni mlango. Fundi aliutaka utokee nje, barazani: kazi nyepesi, hapana ukuta wa kuvunja. Dada yangu, ambaye chumba kilikuwa chake na wanawe wawili, alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Mimi nipige hodi kwetu?"

Ukuta wa mawe ulivunjwa kwa siku mbili. Mlango ukatokea ukumbini, mkabala na wa mama.