Laptopu ya Laki Nne na Nusu (Sehemu ya 4)

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala, nimekula, sasa tuendelee. Wengi mmeniuliza inboksi, "Sista, ile laptopu uliyosema imekufa, ilikufaje?" Leo naeleza yote, maana sitaki yakukute.

Mwaka juzi nilikusanya posho za zamu za ziada nikanunua laptopu ndogo mpya, laki nne na nusu. Muuzaji akaniambia, "Dada, hii haina hadi diski ya kuzunguka, ni flashi tupu, sawasawa na SSD." Nikalipa, nikaondoka natembea kwa madaha. Na hakudanganya moja kwa moja. Alisema nusu.

Sasa sikia. Iliyokuwa ndani inaitwa eMMC. Hiyo na SSD zote zinatunza vitu kwenye chipu za flashi, damu moja kabisa. Tofauti iko kwenye utendaji. SSD ni kama wodi yenye inchaji mzuri na wauguzi kadhaa. Anagawa kazi, huyu anachoma sindano, yule anapokea mgonjwa mpya, mambo yanakwenda kwa pamoja. eMMC ni muuguzi mmoja usiku kwenye korido nyembamba. Machela ikiwa inaingia, inayotoka isubiri. Ndivyo ilivyo kweli, eMMC haisomi na kuandika kwa wakati mmoja.

Kwa namba, eMMC 5.1 njia yake inaishia MB 400 kwa sekunde, na kwenye kazi halisi inafika chini ya hapo. SSD ya SATA inafika kama MB 550. Zile za NVMe, nyingi zinapita MB 3,000.

Kuna na uchakavu. Kila seli ya flashi inaandikwa na kufutwa mara nyingi, ila ina kikomo, halafu inachoka. Si unajua tunavyomwambia mgonjwa wa kisukari abadilishe sehemu ya kuchoma insulini, leo tumbo, kesho paja? Chipu nazo zinazungusha hivyo hivyo. Sasa yangu ilikuwa na GB 32 tu. Windows yenyewe ilishakula zaidi ya nusu, na kila apdeti inahangaika kutafuta pa kukaa. Mwili mdogo, sindano nyingi.

Asubuhi moja nikawasha, kioo cheusi. Nikampelekea fundi. Akafungua, akaniangalia kama sisi tunavyowaangalia ndugu pale koridoni. Nikajua. "Sista, hii haichomoki. Imechomelewa kwenye bodi. Ingekuwa SSD ya kuchomeka, ningeitoa nijaribu kwenye mashine nyingine."

Jamani, mle ndani kulikuwa na video za marehemu mama. Alikuwa anamfundisha mwanangu kusuka ukili, anamgombeza, wanacheka. Nilizihamisha kutoka kwenye simu ili nipate nafasi, nikazifuta kwenye simu. Mimi, ninayeandika kila dozi kwenye faili la mgonjwa, niliweka sauti ya mama yangu sehemu moja tu. Imebaki moja, ya sekunde arobaini, kwa sababu nilishawahi kumtumia dada yangu WhatsApp.

Kwa hiyo ukienda dukani, usiulize tu "ni GB ngapi?" Uliza, "Ni SSD au eMMC? Inachomoka?" Kama kazi yako ni kuandika barua na kuingia intaneti, eMMC itakusogeza, sikatai. Ila ukiwa na laki nne na nusu kama mimi, tafuta laptopu iliyotumika yenye SSD, mwombe fundi unayemwamini aikague.

Na flashi ya elfu kumi na tano ni ya kubebea vitu, usiifanye ya kutunzia. Hata SSD yenyewe inakufa, tena ghafla, bila dalili. Dawa ni nakala mbili, sehemu mbili tofauti. Usifute ya kwanza kabla hujafungua ya pili ukaiona inacheza.

Ukimaliza kusoma hapa, kabla hujaenda kwenye posti nyingine, mtumie ndugu yako video moja ya mzazi wenu. Moja tu. Bando litarudi.

Sehemu ya 5 ni kesho kutwa, nikitoka zamu. Usiku mwema.