Mlango Usio na Nakshi

Katika ukoo wetu seremala hukumbukwa kwa milango yake. Mpaka leo twahadithiana nani alichonga mlango wa nyumba ipi ya Mji Mkongwe, na wajukuu wa Maskati na London huonyeshwa picha za nakshi hizo. Marehemu ami yangu, aliyehamia Uingereza baada ya 1964, hatajwi katika hadithi hizo, kwani milango yake haikuwa na nakshi. Kwa miaka mingi alitia na kutengeneza milango ya hospitali. Naiandika kazi yake hapa isije ikapotea.

Ami akisema kuwa hospitalini moshi ni wa kuogopwa kuliko ndimi za moto, kwa kuwa moshi hutangulia na humkuta mgonjwa asiyeweza kuinuka. Ndiyo maana jengo hugawanywa sehemu sehemu kwa kuta na milango inayostahimili moto, mingine dakika 30, mingine 60. Pakizuka moto, wagonjwa hawaanzi kwa kuteremshwa ngazi. Husukumwa na vitanda vyao hadi sehemu ya pili ya ghorofa ile ile, na mlango ukafungwa nyuma yao. Mlango ule ndio unaowapa waokozi muda.

Kazi yenyewe imo katika vitu vidogo: ukanda wa pembezoni unaovimba kwa joto na kuziba mwanya, brashi ya kuzuia moshi, kitasa kinachoshika, kifaa kinachourudisha mlango wenyewe. Mwanya wa juu na wa pembeni aliupima kwa milimita. Aliwachelea sana mafundi wa umeme wanaotoboa ukuta juu ya dari, wakapitisha nyaya, kisha wakaondoka bila kuziba tundu.

Tarehe 8 Desemba 1961, katika Hospitali ya Hartford, Connecticut, nchini Marekani, moto ulioanzia katika bomba la kutupia taka ulilipukia ghorofa ya 9. Watu 16 walifariki. Katika ghorofa ile ile, vyumba vilivyofungwa milango barabara viliwahifadhi waliokuwamo.

Sisi tumelelewa kwamba mlango wazi ni ukarimu. Ami alipolazwa katika maradhi yake ya mwisho, jamaa walimiminika, na binti mmoja akauzuia mlango kwa kiti ili wageni wasipate taabu ya kuusukuma. Ami, ambaye hakuweza tena kusimama, akamwambia: “Kiondoe, mwanangu. Mlango huo ndio miguu yangu.”

Wazee wetu wengi sasa wanauguzwa mbali na walikozaliwa, nasi hatuachi kuwazuru kwa wingi. Mkikuta kiti au kabari imeshikilia mlango wa wodi, iondoeni. Na mkiona mlango haurudi wenyewe, mwambieni muuguzi kabla hamjaketi. Hiyo nayo ni sehemu ya kumjulia hali mgonjwa.