Bisibisi, Kabureta na Ndoa Yangu

Nikiri: nililionea wivu gari la kuchezea! Mume wangu ana gari la rimoti la petroli, ukubwa wake moja ya tano ya gari halisi, injini ya CC 26. Wiki hiyo hatukusemeshana. Injini ya kwanza aliinokisha, akanunua mpya kimyakimya kwa hela ya akiba yetu.

Jumamosi akaniita uani. "Mama watoto, njoo unishikie bisibisi." Nikaenda nimenuna.

Kabureta ina skrubu tatu: L ya mwendo mdogo, H ya mwendo wa kasi, na ya sailensa. Ukikaza H petroli inapungua, gari linachomoka kama mshale, unachekelea. Kumbe na oili iliyochanganywa kwenye petroli imepungua! Injini inachemka, pistoni inakwama. Ukilegeza mno, moshi tele, nguvu hakuna.

Kwa hiyo unazungusha moja ya nane tu ya mzunguko, unaliendesha, unasikiliza, kisha unachomoa plagi. Ikiwa nyeupe, petroli ni kidogo. Nyeusi yenye majimaji, imezidi. Rangi ya kahawa, safi.

Mimi nikazungusha nusu nzima. Akanishika mkono. "Taratibu. Ile ya kwanza niliiua kwa haraka hivyohivyo. Na hii nilipaswa kukushirikisha kabla ya kununua. Nisamehe."

Plagi ilipotoka na rangi ya kahawa, tulikuwa tumeongea saa nzima. Akiba bado haijarudi, lakini sasa tunaipangia pamoja. Wewe je, msomaji, mara ya mwisho kumsikiliza mwenzio kabla ya kukaza skrubu ni lini?